Tafuta kikundi kilicho jirani na baa yako

Nilipoanza kuhangaika kuacha pombe, niliambiwa kuna kikundi kizuri cha watu wanaosaidiana kuacha, upande wa pili wa jiji. Watu wasomi, feni zinafanya kazi, mazungumzo mengi kwa Kiingereza. Nilikwenda mara nne. Kutoka kwangu ni daladala mbili, na kituo cha kubadilishia gari kimezungukwa na grosari. Mara ya tano sikufika. Mvua ilianza, nikajibanza kwenye kibaraza, mhudumu akaniuliza, "Baridi au moto?"

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi: usitafute kikundi kizuri, tafuta cha karibu. Ikiwezekana kiwe karibu kuliko baa. Hamu haikungoji upate siti ya dirishani. Yangu ilikuwa inakuja saa kumi na mbili jioni, moshi wa mishikaki unapoanza kupanda mtaani, na ukiivumilia nusu saa mara nyingi inalegea. Nusu saa hiyo nahitaji mahali pa kwenda kwa miguu.

Najua jibu: "Watu wa mtaani watanijua." Ndugu yangu, mtaa unakujua zamani. Mimi nimewahi kuzolewa mtaroni kwa mkokoteni wa muuza maji, watoto nyuma wanapiga makofi, na kesho yake mwenye mkokoteni akaja kudai nauli. Baada ya hapo nifiche nini? Namwelewa zaidi Mwislamu, ambaye kwake kunywa kwenyewe ni siri nzito, na mkutano ulio karibu pengine uko kwenye ukumbi wa kanisa. Huyo akivuka mitaa mitatu simlaumu.

Na kama karibu hakuna kikundi? Hapo huwa nasimulia habari ya Bill Wilson. Mei 1935 alikuwa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mgeni kabisa, dili lake la biashara limekwama, ana miezi michache tu bila kunywa. Yuko ukumbini hotelini, upande mmoja baa imechangamka, upande mwingine simu na orodha ya makanisa ya mji. Akaenda kwenye simu. Alipiga huku na huku akiuliza kama kuna mlevi yeyote anayeweza kuzungumza naye, hadi akaunganishwa na daktari mmoja wa upasuaji, Bob Smith. Daktari alikubali kumpa dakika 15. Walikaa zaidi ya saa sita. Huo ndio mwanzo wa Alcoholics Anonymous, AA, yaani vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha: watu wawili. Kinachonigusa ni kwamba Wilson hakuwa anatafuta mtu amsaidie. Alitafuta mtu ambaye yeye atamsaidia, kwa kuwa alishagundua kwamba akizungumza na mlevi mwenzake, yeye mwenyewe hanywi.

Tatizo letu jingine ni neno lenyewe. Desturi ya AA ni kujitambulisha: jina lako la kwanza, kisha kwamba u mlevi. Kwa Kiingereza nililisema mara nne bila shida, kama ninayesoma fomu. Kwa Kiswahili lilinikwama kooni, maana "mlevi" kwetu ni tusi, ndilo mama alilonipigia kelele mbele ya wapangaji. Wapo wanaosema "mraibu", neno la semina, halimchomi mtu. Kwenye kikundi changu cha sasa mzee mmoja husema tu, "Mimi pombe ilinishinda." Vichwa vyote vinaitikia. Ndiyo maana nang'ang'ania kikundi cha lugha yako pia.

Wa kumuuliza kikundi kiko wapi ni muuguzi wa kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya mkoa, au ofisi ya parokia. Hata soba hausi, nyumba wanakokaa wanaoacha ulevi, ingawa huna mpango wa kulala huko, kwa sababu waliopitia pale wanajuana. Ukifika, angalia fedha. AA haina kiingilio wala ada. Linapitishwa bakuli, mwenye chochote anatia. Sharti lake ni moja, uwe unataka kuacha. Ukikuta mtu anauza dawa ya unga ya "kukata hamu" mlangoni, huyo yuko kazini, mwache na biashara yake.

Ila kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, anzia hospitali. Kukata ghafla kunaweza kuleta degedege na kuweweseka ndani ya siku chache za mwanzo, na watu hufa. Viti vya plastiki na chupa ya chai haviwezi kukusaidia hapo.

Kikundi changu kiko nyuma ya gereji, dakika nane kwa miguu. Feni moja, mbovu. Tunakutana Jumanne na Jumapili mchana, na hapo nina ugomvi na viongozi wetu. Jumapili mchana nani analewa kwa mshahara? Tupeni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili jioni, ujumbe wa benki ukishaingia kwenye simu. Wanasema ukumbi siku hiyo una mazoezi ya kwaya. Basi tupeni hata uwanja, viti tutabeba wenyewe.