Ndoo ya Nani?

Ukalimani sikuusomea, uliniangukia kwa sababu asubuhi hiyo mkalimani aliyekodiwa aliamka na malaria, na mimi ndiye niliyeonekana karibu nikiwa nimevaa shati lililopigwa pasi. Tulikuwa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Handeni, mkoani Tanga, kuzindua kisima cha pampu ya mkono. Wazee waliketi chini ya mwembe, na nyuma yao akina mama, kila mmoja na ndoo yake ya lita 20 mbele ya magoti, kwa kuwa waliahidiwa kwamba hotuba zikiisha tu maji yataanza kuchotwa.

Mgeni wetu, Mwingereza wa makamo, alizungumza taratibu, nami nikamfuata bila shida hadi alipofika kwa mhandisi mzee aliyeubuni mradi ule. Hapo alivua kofia, akashusha sauti, akasema kwamba kwa bahati mbaya, mwaka uliopita, mzee huyo "kicked the bucket". Maneno yote niliyafahamu tangu shule ya msingi. Nikakaza sauti, nikatangaza: "Kwa bahati mbaya, mwaka jana mzee huyo aliipiga ndoo teke."

Kimya kikatanda. Akina mama wakazivuta ndoo zao karibu na miguu. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono, akauliza: "Mwanangu, ndoo ya nani?"

Nilimweleza mgeni kwamba wananchi wangependa kujua zaidi. Akaguswa sana, akasema kwamba ilitokea usiku, nyumbani kwake, mkewe akiwa kando yake. Nikatafsiri yote kwa uaminifu. Bibi akatikisa kichwa: "Usiku, ndani ya nyumba, na mke anatazama tu! Ilikuwa na maji?" Sikuona sababu ya kumsumbua mgeni kwa swali dogo kama hilo, kwa hiyo nikajibu mwenyewe kwamba yalikuwamo kidogo.

Mgeni akaomba tusimame dakika moja kwa heshima ya mzee. Mwenyekiti wa kijiji akajibu kwa adabu kwamba watasimama, lakini ifahamike kwamba kijijini hapo anayemwaga maji ya mwenzake hutozwa faini. Nilipolitafsiri neno faini, mgeni alinigeukia macho yamemtoka, akanieleza kwa Kiingereza ambacho hata mtoto wa darasa la tatu angekielewa: mzee amekufa.

Baadaye nilisoma kwamba Francis Grose aliuweka msemo huo katika kamusi yake ya lugha ya mitaani, iliyochapwa London mwaka 1785, na maana aliyoipa ni kufa, basi. Kuhusu asili yake, wajuzi hawajaacha kubishana. Wapo wanaomtaja mtu anayejinyonga, aliyepanda juu ya ndoo kisha akaisukuma kwa mguu. Wengine wanasema hapo hapana ndoo kabisa, bali ni neno la zamani lenye maana ya boriti, lililosikika Norfolk, mashariki mwa Uingereza, ambako nguruwe wa kuchinjwa alining'inizwa kwa miguu ya nyuma, naye katika kukata roho akaipiga boriti mateke. Mimi naiamini zaidi habari ya boriti, ingawa inanizidishia kosa: nilikigombanisha kijiji kizima na marehemu kwa ajili ya ndoo ambayo hata haikuwapo.

Nilipotangaza upya, manung'uniko yakageuka kuwa pole, ijapokuwa bibi alitaka kujua ni kwa nini sikusema tangu mwanzo kwamba mtu amefariki, na yale maji niliyatoa wapi. Kabla sijajibu, mzee mmoja alisimama kutoa rambirambi. Alisema kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na kwamba hata hivyo marehemu alikuwa amekula chumvi nyingi. Jasho lilikuwa likinitiririka, na nilikwisha kuapa moyoni kwamba sitaongeza wala kupunguza neno la mtu. Nikamgeukia mgeni, nikamweleza kwa Kiingereza safi kwamba marehemu alikuwa amekula chumvi nyingi.

Mgeni akainamisha kichwa. "Ni kweli," akasema polepole. "Daktari alimkataza kwa miaka mingi, lakini hakusikia."

Nikawageukia wazee, nikawaambia kwamba mgeni anakubaliana nao.