Mpiga Gita Asiyepiga Solo

Jumamosi moja, katika hoteli fulani ya Westlands ambako wanamuziki watatu walikuwa wakipiga jazi wakati wa chakula cha mchana, nilimsikia msimamizi akimuuliza kiongozi wao kwa nini alipwe yule wa tatu, mwenye gita lisilo na umeme, ilhali hasikiki akifanya lolote. Kiongozi alicheka tu.

Nilimkumbuka mpiga gita Freddie Green, ambaye hapa Nairobi hatajwi sana hata na wapenzi wa jazi wanaomjua vyema mpiga gita mwenzake Django Reinhardt. Alizaliwa Charleston, Marekani, mwaka 1911, akaingia katika bendi kubwa ya mpiga piano Count Basie mwaka 1937, na isipokuwa kipindi kifupi hakuiacha hadi alipofariki mwaka 1987, miaka mitatu baada ya Basie mwenyewe. Katika takriban miaka 50 hiyo, solo alizopiga, yaani vipande vya kujitokeza peke yake mbele ya wenzake, ni chache mno. Charlie Christian alipoanza kuwika na gita la umeme katika kundi la mpiga klarineti Benny Goodman mwaka 1939, wapiga gita wengi walimfuata. Green alibaki na gita lake la mbao, akainua nyuzi juu ya shingo ya gita kuliko kawaida ili zitoe sauti yenye nguvu, akawa anapiga mapigo manne katika kila kipimo, nyuma ya safu nzima ya tarumbeta, tromboni na saksafoni. Baadaye mara nyingi alibonyeza uzi mmoja au miwili tu. Sauti yake ilijificha kati ya besi na dramu, kiasi kwamba msikilizaji hakuitambua kama gita, bali alihisi kwamba muziki umepata mahali pa kukanyaga. Inasimuliwa kwamba Basie alipopunguza bendi mwaka 1950 na kumwacha nje, Green alijirudisha mwenyewe na gita lake, na hakuna aliyemfukuza.

Jambo hili halipaswi kutushangaza sisi, kwa kuwa bendi zetu za dansi (nyingi zikijiita Jazz bila kupiga jazi) zilijua tangu zamani kwamba gita la solo bila gita la rithimu, lile linaloshikilia mapigo, ni kelele za mtu mmoja. Hata katika omutibo, mtindo wa gita wa magharibi mwa Kenya wa kina George Mukabi, anayegonga chupa ya soda hapigi wimbo wowote, lakini hebu mwondoe uone.

Ninakiri kwamba si haki kumwambia kijana wa Nairobi aige maisha ya Green. Green alikuwa na mwajiri aliyebeba bendi kubwa kwa miongo mingi, ilhali huyu wetu hulipwa kwa usiku mmoja, na anayemwajiri humpima kwa kipande cha video alichokiona kwenye simu. Lawama yangu naielekeza kwa viongozi wa makundi, ambao wanajua kazi ya yule wa tatu na bado hucheka anapodharauliwa.

Jumamosi iliyofuata nilirudi, nikawakuta wamebaki wawili. Saksafoni ilikuwa ikikimbia, besi ikiifukuzia, na kufikia wimbo wa tatu msimamizi alikuja mwenyewe kuongeza sauti ya spika.