Bartolo wa mto ndo Bartolo wangu

Waliosoma sheria hili jina mlishalisikia, labda mara moja tu kwenye lekcha ya saa nane mchana mkiwa mnasinzia. Bartolo wa Sassoferrato, Muitaliano, udaktari wa sheria kaupatia Bologna mwaka 1334 akiwa bado kijana kabisa, akafundisha Pisa, kisha Perugia, na 1357 akafariki hata miaka 45 hajafikisha. Katika umri huo mfupi kachambua zile sheria za Kirumi zilizokusanywa na mfalme Justinian karibu zote, mpaka ukatoka msemo kwamba huwezi kuwa mwanasheria mzuri kama sio mtu wa Bartolo, na Ureno karne ya 15 wakaweka kabisa kwenye sheria zao kwamba pale sheria inapokaa kimya, maoni yake yafuatwe. Yani jamaa kafa lakini bado anaamua kesi za watu.

Mi huyo Bartolo mkubwa hanivutii sana kiukweli. Chukua ule mfano wake maarufu wa urithi wa Uingereza, ambako kifungua mimba alikuwa anabeba vyote. Swali ni, je, sheria hiyo inamgusa na mgeni aliyefariki akiacha mali kule? Bartolo anauliza, sheria imeandikwaje? Kama imeanza na mali, "mali ya marehemu iende kwa kifungua mimba", basi inashika mali iliyoko kule hata kama mwenyewe ni mgeni. Kama imeanza na mtu, "kifungua mimba arithi", hapo inamhusu mtu, mgeni haimgusi. Sasa jamani, watoto wagombane au wasigombane kisa aliyeandika alitanguliza neno gani? Wengi wamemcheka kwa hilo na mi siwalaumu.

Ila kuna kijitabu chake cha mwaka 1355 kuhusu mito, na hapo ndo aliponikamata. Alikuwa kachoka kufundisha, akaenda kupumzika sehemu moja karibu na Perugia inayotazama mto Tiber. Amekaa zake anaangalia maji, anaona mto unavyopinda, unamega huku na kujaza kule, kisiwa kinaota katikati, na maswali yakaanza kumjia, hiki ni cha nani? Mwenyewe anasimulia kwamba aliota ndoto, kaja mtu kamletea kalamu, rula na bikari, kamwambia andika na uchore. Yeye akaogopa watu watamcheka, maana mwanasheria wa kuchora maumbo ya hesabu nani alishamuona? Bahati nzuri akaja mtawa mmoja aliyeijua jometri wakasaidiana.

Akachora kweli. Kisiwa kimeota katikati ya mto, wenye mashamba kingo zote mbili wanakitaka, sheria ya Kirumi inasema kila mtu achukue kipande kilicho karibu na kwake, ni rahisi kusema lakini mto haujanyooka na mipaka ya mashamba imekaa upande upande, kwahiyo anashika bikari anatafuta mstari ambao uko sawa kwa sawa kutoka kila upande. Swali kama hilohilo ndo lilikuwa mezani kwenye kesi ya Kenya na Somalia ya mpaka wa baharini mwaka 2021, mahakama ya The Hague ilianza na mstari wa katikati, ikausogeza kidogo.

Mi nilianza kumsoma kwa sababu ya mjomba. Shamba lake liko kando ya mto, na mvua za mwaka fulani zilimega kipande zikakipeleka kwa jirani, mihogo na yote. Nikamueleza kanuni ya Kirumi ambayo Bartolo anaifafanua: udongo ukihama kidogo kidogo bila mtu kuona ni halali ya aliyeupata, lakini kipande kikibebwa kwa mkupuo na bado unakitambua, ni chako. Mjomba akafurahi mno, akaniambia chora. Nikachukua kijiti nikachora mto chini pale kwenye vumbi, shamba lake huku, la jirani kule.

Akaangalia weeee, akauliza, "Na mto ukihama wote, mjomba?" Nikamwambia hiyo iko sehemu ya tatu ya kitabu, bado sijafika.