Mbwa Anakaribishwa, ila Asiingie

Hoteli moja ya Brighton, mji wa pwani ulio kusini mwa Uingereza, ilitangaza kwamba mbwa wanakaribishwa, nami nikaamini. Katika treni kutoka London hatukupata taabu, kwa kuwa abiria huruhusiwa kusafiri na mbwa hadi wawili bila nauli ya ziada. Kero ilianzia mapokezi: mbwa alitozwa ada ya kila usiku, akakatazwa kuingia katika chumba cha kulia, na papo hapo nikaonywa nisimwache peke yake chumbani, hivyo kwa asubuhi mbili nilikunywa chai nikiwa nimesimama barabarani, kamba ya mbwa mkononi. Ufukweni nako, kuanzia tarehe 1 Mei hadi 30 Septemba, mbwa hupigwa marufuku katika sehemu kadhaa, kwa hiyo tulitembea juu ya kokoto (mchanga huko ni wa kutafuta) tukisoma mabango badala ya kutazama bahari. Marufuku hiyo naielewa, maana watoto huchezea hapo. Nisichokielewa ni kwa nini tangazo la hoteli halikuyataja masharti yake kabla sijalipa.