Wamalawi wana kaunjika yao

Julai imefika tena. Mwaka wa Rotary, ule mtandao wa kimataifa wa klabu za kujitolea, unaanza tarehe 1, na magrupu ya walezi wa klabu za Interact, yaani klabu za wanafunzi zinazolelewa na Rotary, yamejaa mipango kazi inayofanana kama sare za shule. Robo ya kwanza, kutembelea watoto yatima. Robo ya pili, usafi wa hospitali. Robo ya nne, kupanda miti Siku ya Mazingira Duniani. Halafu chini kabisa, kwa herufi kubwa: MRADI WA KIMATAIFA, KUKUSANYA NGUO NA VITABU KWA AJILI YA WENZETU WA MALAWI.

Nguo. Malawi. Mtu ameketi Dar es Salaam, daladala moja tu kutoka soko la mitumba la Karume, akatafakari matatizo ya Malawi, akaona kinachowapungukia ni nguo zilizokwishavaliwa. Wamalawi wana mitumba yao jamani. Wanaiita kaunjika. Ukiingia Zambia utaikuta inaitwa salaula. Ni marobota yaleyale, ya kilo 45, yaliyofungwa kwa mikanda ileile. Kwa hiyo mpango wetu ni huu: shati lililotoka Ulaya, likauzwa Karume, likavaliwa Tabata miaka mitatu, sasa lisafirishwe mpaka Lilongwe likakutane na shati pacha wake ambalo halijawahi kuvaliwa Tabata.

Tupige hesabu kama wafanyabiashara, maana mzigo haujui kwamba wenyewe ni sadaka. Shule ina wanafunzi 600, kila mmoja kaleta nguo moja, tuseme gramu 300 kwa wastani. Jumla kilo 180. Hayo ni marobota manne. Shule nzima imetangaziwa parade mwezi mzima, mabango yamechorwa, matroni amegombana na watu, na kilichopatikana kinabebwa na Kirikuu moja. Na hapo hamjachambua. Mkichambua mtakuta sketi za sare zenye nembo ya shule, suruali zisizo na zipu, soksi moja moja. Kilichobaki kifuliwe, kikauke kabisa (nguo ikifungwa na unyevu hufika na ukungu), kipangwe kwa saizi na jinsia, na kila boksi liandikwe orodha ya kilichomo, nakala ndani na nakala mkononi.

Halafu safari: Dar, Mbeya, Tukuyu, mpaka wa Kasumulu, zaidi ya kilomita 900, na hapo bado hamjaingia Malawi. Mpakani mtaulizwa barua ya mpokeaji yenye jina la taasisi yake, orodha ya mizigo, cheti cha kufukiza nguo, na barua ya msamaha wa kodi. Msamaha huombwa na mpokeaji kabla mzigo haujaondoka. Hauombwi kwa simu dereva akiwa tayari yuko getini. Kuna walezi wanaojipa moyo kwamba sisi sote ni SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika. Ni kweli, Malawi haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki lakini SADC tumo pamoja. Ila nafuu ya ushuru ya SADC inahusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama, na fulana ya mtumba kutoka Ujerumani haigeuki kuwa Mtanzania kwa kuvaliwa Tabata. Karatasi moja ikikosekana, mzigo unalala, na mzigo uliolala unalipiwa. Mwisho wa yote, gharama ya kufikisha nguo inazidi thamani ya nguo zenyewe sokoni Lilongwe. Nauli hiyo mngeipeleka huko ingenunua kaunjika safi, na mama muuza kaunjika naye angeuza siku hiyo.

Kinachokera zaidi ni kwamba sisi wenyewe tunaijua njia hii vizuri kabisa, kwa upande wa kupokea. Nani katika nchi hii hajawahi kuona kabati la maktaba ya shule lililojaa vitabu vya hisabati vya Marekani, mtoto anaulizwa yadi ngapi za uzio zinatosha shamba, na sarafu ya nusu dola imechorwa kwa rangi? Nani hajaona mashine ya hospitali imefunikwa shuka tangu siku ya kukabidhiwa? Mashine imetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), ukutani kwetu kuna volti 230 na hezi 50. Atatafutwa fundi wa transfoma, na transfoma itashusha volti, lakini hezi haitaigusa, kwa hiyo mota iliyopangiwa 60 itazunguka polepole na kuchemka. Hata ikiwaka, kuna kifaa kidogo cha kutumia na kutupa ambacho kinauzwa na kampuni moja tu, ng'ambo. Dawa nazo zilikuwa zikija zimebakiza wiki chache kuisha muda, mpaka miongozo ya Shirika la Afya Duniani ikatamka kwamba dawa ya msaada ikifika iwe imebakiza angalau mwaka mmoja. Tulilalamika, na tulikuwa na haki ya kulalamika. Tulisema hawatuulizi. Leo tumepata klabu, tumepata fulana zenye gia ya Rotary kifuani, na kitu cha kwanza tunachofanya ni kumfungia Mmalawi boksi bila kumuuliza.

Na kanuni wala haikuwatuma huko! Interact ilianza 1962 kule Florida kwa ajili ya vijana, leo ni wa miaka 12 hadi 18, na inachotaka ni kitu kidogo sana: walau miradi miwili kwa mwaka, mmoja wa kusaidia shule au jamii yenu, mmoja wa kukuza maelewano ya kimataifa. Maelewano. Neno "msaada" halimo kwenye huo wa pili. Neno "boksi" ndiyo kabisa. Mradi wa kimataifa unaweza kufanyika bila kitu chochote kuvuka Kasumulu isipokuwa ujumbe wa simu.

Mfano huu hapa, na mlezi anayetaka auchukue ulivyo. Tafuteni klabu moja ya Interact Malawi kupitia klabu ya Rotary inayowalea. Kubalianeni kujenga kitu kilekile shule zote mbili, tuseme vibuyu chirizi kumi kila upande, vile vidumu vya kunawia mikono vinavyoinamishwa kwa kukanyaga kijiti. Kidumu cha lita 5, tundu moja la msumari uliopashwa moto, upande ulio mbali na mpini, sentimita 10 hivi chini ya mfuniko. Nguzo mbili zenye panda, zichimbiwe nusu mita, ncha za chini zipakwe oili chafu kwa sababu ya mchwa. Fimbo ipite kwenye mpini, kamba itoke shingoni mwa kidumu hadi kijiti cha kukanyagia. Chini mwageni kokoto, la sivyo wiki ya pili mtakuwa mmejenga bwawa la matope.

Utaalamu hauko kwenye kujenga. Hiyo ni Jumamosi moja. Utaalamu uko kwenye wiki nane zinazofuata. Hata mkikadiria mililita 100 tu kwa kila mnawaji, wanafunzi 600 wakitoka chooni mara moja kwa siku ni lita 60, yaani vidumu 12 vinajazwa kila siku. Na nani? Tundu likiwa kubwa, maji yanaisha kabla ya mapumziko ya saa nne. Kamba ya katani inakatika, ya nailoni inadumu. Sabuni ya kipande inaibiwa siku ya kwanza. Yeyusheni sabuni ya unga kwenye chupa yenye tundu mfunikoni, haina mwizi. Kila shule iandike: vidumu vilivyojazwa, siku zisizo na sabuni, vibuyu vilivyoharibika na sababu yake. Kila Ijumaa mbadilishane takwimu. Mkipanga kikao cha simu kumbukeni Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja, saa kumi yetu jioni wao ni saa tisa. Wiki ya nane mwanafunzi wa Dar atajua kwa nini vibuyu vya Malawi vimedumu kuliko vyake, au kinyume chake, na kuna mtu wa rika lake upande wa pili anayemjua kwa jina. Gharama yake haifikii kodi ya Coaster ya siku moja.

Mkiwa na hela kweli na mnataka kuzituma, tumeni hela. Zipite kwenye akaunti ya klabu ya Rotary inayowalea, sahihi mbili, si kwenye simu ya mlezi. Jiungeni shule tatu au nne mtume mara moja, maana ada ya benki haina huruma na kiasi kidogo. Wapokeaji wataje wanachotaka kununua, wanunue kwao, warudishe risiti.

Haya, nakubali kwa shingo upande: kuna siku nguo zinahitajika. Tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh tarehe 3 Desemba 2023, watu walibaki na walichovaa, na blanketi la siku hiyo halikuwa mzaha. Lakini hiyo ni dharura, ni nchi yenu, na kuna kamati ya maafa ya wilaya ya kuuliza. Hata pale, ulizeni kwanza. Ndoo zenye mifuniko, sabuni, taulo za kike na dawa ya kutibu maji huwa hazimo kwenye maboksi ya wanafunzi. Viatu vya mchuchumio huwa vimo.

Sasa miti. Kupanda miti Siku ya Mazingira, tarehe 5 Juni, ni kuizika. Tarehe hiyo ilitokana na mkutano wa mazingira wa Stockholm wa 1972, na huko Juni ni mwanzo wa majira ya joto. Kwetu masika yanaishia Mei, Dodoma mvua imekata hata kabla ya hapo, na vuli iko Oktoba. Isitoshe, mwanzoni mwa Juni shule zinafunga. Miche 50, lita 10 kila mmoja mara mbili kwa wiki, ni lita 1,000, madumu 50 ya lita 20 kila wiki. Hadi katikati ya Oktoba ni karibu madumu 1,000, na wiki za mwanzo wabebaji wako likizo. Mlinzi wa shule ndiye anayeachiwa, na mlinzi hajalipwa kumwagilia.

Pandeni vuli ikishika au masika yakianza. Siku ya Taifa ya Upandaji Miti ni Aprili 1, waliopanga walijua wanachofanya. Shimo la sentimita 60 kwa 60 lichimbwe wiki mbili kabla, udongo wa juu utengwe, uchanganywe na debe la samadi iliyooza vizuri. Kiriba, ule mfuko wa mche, kichanwe kitolewe chote. Miche mingi inayodumaa, ukiing'oa unakuta kiriba bado kimevaliwa na mizizi inazunguka ndani kama mfungwa. Jengeni kisahani cha maji, tandazeni majani makavu bila kugusa shina, na wekeni miiba, kwa sababu mbuzi hajui siku ya mazingira. Na jamani, si chini ya waya wa umeme.

Watoto yatima: gunia la mchele la kilo 25 kwa watoto 60, gramu 150 kila mmoja, halifikishi milo mitatu. Halidharauliki, lakini msilipige picha kana kwamba mmejenga ghala. Ongeeni na ofisa ustawi wa jamii kabla, sura za watoto zisiende mtandaoni, na kama mna Jumamosi moja kila mwezi, wafundisheni hisabati. Usafi wa hospitali: fyekeni nyasi, osheni madirisha, taka za wodini msiziguse. Kuchangia damu: ni miaka 18 na kilo 50, kwa hiyo wengi wenu bado, waleteni wazazi siku ya mahafali.

Kuna kitu kimoja kinachoua yote haya. Mwaka wa Rotary unaanza Julai, mwaka wa shule Januari. Rais wa klabu akiwa kidato cha nne, Novemba yuko kwenye mtihani wa taifa na Desemba yuko nyumbani kwao Sengerema, na namba ya mtu wa Malawi iko kwenye simu yake. Mchagueni wa kidato cha tatu, au cha tano, kinachoanza Julai, na kuwe na daftari moja gumu linalokaa ofisini kwa mlezi: risiti, namba za simu, madeni, na idadi ya miti iliyo hai.

Tarehe 5 Juni basi mfanye nini, maana mgeni rasmi ameshaalikwa? Kama shule imefunga, fanyeni sherehe wiki moja kabla. Mpitisheni kwenye miti ya vuli iliyopita, mmoja baada ya mwingine, mwenye daftari akihesabu kwa sauti. Imepandwa 50, iko hai 31, sita imeliwa na mbuzi, 13 ilikosa maji Februari. Chai ifuate baadaye.