Kumfunga kila majeruhi kwenye ubao: bado kuna sababu?

Kwa miaka mingi wahudumu wa ambulensi walikuwa na kanuni moja tu, ukikuta mtu kaanguka au kagongwa unamvisha kola ngumu shingoni, unamlaza kwenye ubao mrefu, unamkaza mikanda, unaweka vizuizi huku na huku vya kichwa alafu ndo safari ya hospitali. Wazo lenyewe lina mantiki, pingili ya mgongo ikivunjika na mtu akatikiswa vibaya, kipande cha mfupa kinaweza kubana neva za uti wa mgongo na aliyekuwa anasogeza vidole akabaki kapooza. Ila kanuni ilitangulia, ushahidi ukaja kutafutwa baadaye, na mapitio ya 2001 ya Cochrane (kundi la watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba) hayakupata hata jaribio moja la nasibu, yaani la kugawa kwa kura nani afungwe na nani asifungwe, kwa majeruhi wenyewe.

Kilichokuwepo ni utafiti wa Hauswald na wenzake wa 1998, walilinganisha majeruhi wa New Mexico kule Marekani ambao wote walifungwa, na wa Malaysia ambao hakuna aliyefungwa njiani, wa Malaysia wakaonekana na ulemavu mdogo zaidi. Wapinga ubao wanaupenda sana huu, mi nauchukulia kwa tahadhari: hospitali mbili, majeruhi 454 tu, na waliofia njiani hawamo. Kwangu wenye uzito zaidi ni utafiti wa 2010 wa Marekani, zaidi ya watu 45,000 waliopigwa risasi au kuchomwa visu, waliofungwa walikufa karibu mara mbili ya wenzao. Nao ni wa kupekua kumbukumbu za wagonjwa, sawa, lakini hapa sababu inaeleweka, mtu anavujia damu ndani na wa kumwokoa ni daktari wa upasuaji, sasa wewe unahangaika na mikanda ya nini?

Alafu ubao wenyewe. Mgongo una mikunjo, ubao umenyooka, kwa hiyo uzito wote unaangukia kisogoni, mabegani, matakoni na visiginoni, hata mtu mzima wa afya akilazwa hapo nusu saa haiishi kabla hajaanza kulalamika, na daktari akija kumbonyeza mgongo hajui kama maumivu ni ya kuvunjika au ni ya ubao. Akitapika je? Kafungwa chali na kola imembana taya, inabidi mumgeuze na ubao wake wote, tena haraka.

Mzee mwenye kibiongo ndo mtihani hasa. Ukimlaza, kichwa kinaelea hewani, na kola iliyotengenezwa kwa shingo iliyonyooka inamsukuma kwenye umbo ambalo si lake, na kama pingili zake zimeshaungana kwa ugonjwa, kumnyoosha tu kunaweza kumvunja. Lakini huyohuyo mzee ndo anaweza kuvunjika shingo kwa kuteleza tu bafuni, na kanuni ya Kanada ya 2001 (ya kuamua nani apigwe picha ya shingo) inamhesabu kila mwenye miaka 65 na kuendelea kuwa wa hatari. Huwezi kumwacha hivihivi. Mi ningejaza blanketi zilizokunjwa chini ya kichwa kama kilivyo, au godoro la vakyumu (linanyonywa hewa likawa gumu) linalofuata umbo lake.

Wanaoutetea ubao nao wana hoja. Kumtelezesha mtu kutoka kwenye gari iliyobondeka au kumtoa majini, hakuna kifaa chepesi kinachoushinda, na aliyezimia hawezi kukwambia anaumwa wapi. Pia hizo kanuni za kumpima mtu (yuko macho, hajalewa, haumwi katikati ya shingo, hana ganzi) zilitungwa hospitalini kuamua nani apigwe eksirei, zilikuwa hazijafikiria barabara yenye giza na ndugu wanaopiga kelele. Ndo maana tamko la madaktari wa Marekani la 2013 halikuufuta ubao, lilisema utumike kwa kuchagua. Mi niko hapo: utumie ubao kumtoa mtu kwenye ajali, ukifika kwenye machela uutoe.

Kola ndo bado inabishaniwa, inabana mishipa ya shingo na kupandisha presha ya ndani ya kichwa, jambo baya kwa aliyeumia ubongo.

Na yule mlevi anayepigana na mikanda? Kumlazimisha kunatikisa shingo kuliko kumwacha. Mwache alale atakavyotulia, mshikie kichwa kwa mikono akikubali, na uandike kwenye fomu kwa nini hukumfunga, maana hospitali lazima watauliza.