"Mimi Huku ni Mzima": barua za keya kutoka Burma

Wengi wetu tulifundishwa mwanzo huu wa barua: baada ya salamu nyingi, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Tulipokua tukauona maneno ya mazoea tu, ya kujaza nusu ukurasa kabla ya kusema jambo. Mimi nauheshimu, na walionifanya niuheshimu ni wazee wa keya, yaani askari wetu wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw huko Burma, Myanmar ya leo, ikiwafuata Wajapani walioshindwa Imphal, upande wa India. Ilikuwa majira ya mvua kubwa. Magari yalizama kwenye tope, chakula kikadondoshwa kwa ndege, handaki alilochimba mtu jioni lilijaa maji kabla ya alfajiri. Kulikuwa na ruba, kulikuwa na malaria, na adui alikuwa msituni hatua chache mbele. Waliendelea hivyo kwa miezi mpaka Desemba, walipoingia Kalewa kwenye mto Chindwin.

Mtu wa bonde lile akiandika "mimi ni mzima", hajazi ukurasa. Hiyo ndiyo habari yenyewe.

Nimesikia watu wakisema barua za askari wetu ni kavu, hazina mapenzi, si kama za wazungu kwa wake zao. Naona hukumu hiyo inawaonea. Tazama safari ya barua. Askari asiyejua kusoma anamtafuta mwenzake anayejua, anamtajia maneno, naye anaandika juu ya goti. Kisha afisa anaikagua: jina la mahali halitakiwi, habari za mapigano hazitakiwi. Inavuka Bahari ya Hindi. Ikifika kijijini, mke ambaye naye hakupelekwa shule anaipeleka kwa mwalimu au katekista, anasomewa barazani mbele ya mama mkwe, watoto, na jirani aliyepita kuomba chumvi. Neno la chumbani lingepitaje kwenye vinywa na macho yote hayo?

Kwa hiyo mapenzi yalipita kwenye salamu. Mume anayeuliza kama paa la jikoni bado linavuja anamwambia mkewe kwamba kila mvua ya Burma inamrudisha chini ya paa lile. Anayeuliza mtoto ameota meno mangapi amelala akihesabu miezi. Mke alilielewa hilo bila kufafanuliwa na msomaji.

Sisemi kila barua ilikuwa tamu. Sehemu ya mshahara wa askari ililipwa nyumbani, mke akaifuata bomani, na fedha hiyo ilizua ugomvi na ndugu wa mume. Wapo walioingiwa na wivu, wakawaandikia wakuu wa wilaya badala ya wake zao, wakilalamika kuhusu ng'ombe, shamba na mwenendo wa mwanamke aliyeachwa peke yake miaka mitatu. Hayo nayo yatunzwe. Kama kwenu lipo sanduku la bati la bibi, nakuomba ulifungue kabla mchwa hawajalifungua. Piga picha kila karatasi, pande zote mbili, na uandike ilikuwa ya nani.

Mwanzoni mwa Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini kuelekea Colombo, imebeba watu zaidi ya 1,500, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi, ikazama katika muda wa dakika mbili hivi. Walikufa zaidi ya 1,200. Aliyetuma barua bara siku ya kupanda meli, huenda mkewe alikuwa hata hajaipata. Mwalimu angeifungua barazani na kuanza kusoma: mimi huku ni mzima.